Kijana mwenye cheo kikubwa benki, unalala saa ngapi?

Na Mwandishi Wetu

Ni Ijumaa jioni. Mbuzi wawili wamechinjwa, majirani wameketi chini ya hema la kukodi, na mzee mwenye boma anasimama kuwashukuru wageni. Mwanawe mwenye umri wa miaka 27 ameteuliwa kuwa mkuu wa biashara ya fedha katika benki moja jijini Nairobi. Mama anapiga vigelegele, mchungaji anaomba, wajomba wanapanga foleni kumpa mkono. Kijana mwenyewe anatabasamu, lakini kila baada ya dakika mbili anaichungulia simu yake chini ya meza ili aone dola inauzwaje New York.

Hadithi hiyo tumeibuni, ndugu msomaji, lakini huenda unamjua kijana wa namna hiyo. Huenda ni mwanao au ndugu yako. Huenda ni wewe mwenyewe. Katika karamu kama hiyo kila mtu huuliza mshahara ni kiasi gani na gari litakuwa la aina gani. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali ambalo daktari angelianza nalo: Je, unalala saa ngapi?

Kazi iliyojificha

Wengi wetu tukisikia mtu anafanya kazi benki, humdhania anaketi nyuma ya dirisha akihesabu noti. Lakini kila benki kubwa ina chumba ambacho wateja wa kawaida hawakioni. Humo mna safu za meza, na kila meza ina simu na kompyuta kadhaa. Kazi ya walio humo ni kununua na kuuza: fedha za kigeni, hati za dhamana za serikali, hisa, na mikataba ya kununua au kuuza kitu siku za mbele kwa bei iliyokubaliwa leo. Hapa Nairobi vyumba hivyo ni vidogo, na biashara yake kubwa ni dola na hati za serikali. Kule London, New York, Tokyo na Singapore, chumba kimoja huweza kuwa na mamia ya watu.

Katika idara nyingine za benki, cheo hufuata miaka. Karani huwa mhasibu, mhasibu huwa naibu wa meneja, na mpaka apate tawi lake mwenyewe mvi zimeanza kuchungulia. Katika chumba cha biashara ya fedha mambo hayaendi hivyo. Kila jioni hesabu ya faida na hasara hufungwa, na kila mtu ana tarakimu yake. Hakuna haja ya kungoja ripoti ya mwaka ili kumjua hodari. Kijana aliyetoka chuo kikuu majuzi akiiletea benki faida kubwa kwa miaka miwili au mitatu mfululizo, wakubwa humpandisha upesi, maana wanaogopa benki jirani itamnyakua.

Ndiyo sababu katika benki kubwa za ng'ambo mtu huanza kama mchambuzi akiwa na miaka 21 au 22, na wepesi zaidi huwa wakurugenzi hata kabla ya kufika 35. Gary Gensler, Mmarekani aliyekuja kuisimamia tume ya kudhibiti masoko ya hisa ya nchi yake kuanzia 2021 hadi Januari 2025, alifanywa mshirika wa benki ya Goldman Sachs mwaka wa 1988 akiwa na miaka 30 tu. Alikuwa miongoni mwa vijana zaidi kuwahi kupewa heshima hiyo. Kwa hiyo si kweli kwamba kila apandaye mapema huanguka. Lakini kupanda huko kuna gharama ambayo hailipwi kwa fedha, na ukurasa huu wa afya unapaswa kuitaja.

Ushindi nao hulevya

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kumbe wanasayansi wamekuja kuona kwamba jambo hilo lina mizizi hata ndani ya damu.

John Coates aliwahi kufanya biashara ya fedha katika benki za New York kabla ya kurudi Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kuuchunguza ubongo. Pamoja na mwenzake, Joe Herbert, aliingia katika chumba kimoja cha biashara jijini London na kuwafuata wanaume 17 kwa siku nane za kazi. Kila siku walipimwa mate yao mara mbili, saa tano asubuhi na saa kumi alasiri, ili ijulikane viwango vya homoni mwilini. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2008. Asubuhi ambazo homoni ya kiume iitwayo testosteroni ilikuwa juu kuliko kawaida ya mtu huyo, faida yake ya siku hiyo nayo ilielekea kuwa kubwa zaidi. Na kadiri matokeo ya biashara yalivyoyumbayumba na soko lilivyokosa utulivu, ndivyo homoni ya mkazo iitwayo kotisoli ilivyopanda.

Watu 17 ni wachache, na wote walikuwa wanaume, kwa hiyo tusiufanye utafiti huo kuwa msahafu. Hata hivyo unatupa la kutafakari. Coates anaeleza kwamba ushindi huweza kuipandisha testosteroni, na testosteroni humtia mtu ujasiri wa kujaribu makubwa zaidi. Ushindi huleta ujasiri, ujasiri huleta ushindi mwingine, mpaka siku ujasiri unapogeuka kuwa upofu. Sasa fikiria kwamba katikati ya msimu huo wa ushindi, ndipo benki inapomwita kijana na kumpa cheo, kiti cha ngozi na ruhusa ya kucheza na fedha mara kumi ya zile za jana. Amepewa mzigo mkubwa zaidi wakati ambapo mwili wake unamwambia kwamba hawezi kushindwa.

Ongeza jambo jingine. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotusaidia kupima hatari na kujizuia, huendelea kukomaa mpaka mtu anapokaribia miaka 25. Hiyo haina maana kwamba kijana wa miaka 24 hana akili. Maana yake ni kwamba breki zake bado ni mpya, na anahitaji mtu mzima karibu naye.

Hasara inapoingia

Upande wa pili wa shilingi ni kotisoli. Homoni hii hutolewa na tezi zilizo juu ya figo, na kwa muda mfupi hutufaa sana. Ukikoswakoswa na matatu barabarani, ndiyo inayosaidia kukupa sukari ya haraka ya kukimbilia. Hatari iko pale inapokaa juu kwa siku na majuma. Hapo usingizi huharibika, shinikizo la damu na sukari huelekea kupanda, mafuta hujikusanya tumboni, na kinga ya mwili hudhoofika.

Mwaka wa 2014 wachunguzi wa Cambridge, Coates akiwa mmoja wao, walitoa matokeo ya jaribio jingine. Watu waliojitolea walipewa dawa iliyokipandisha kiwango cha kotisoli kwa muda wa siku nane, kadiri ile ile iliyoonekana kwa wafanyabiashara wa London soko lilipochafuka. Mwishoni watu hao waliogopa kubahatisha kuliko walivyokuwa mwanzo, ingawa hakuna kilichobadilika isipokuwa kemikali zilizomo mwilini mwao. Kwa maneno mengine, mtu anayedhani anatumia akili tupu huwa pia anaongozwa na tumbo, figo na usingizi aliokosa.

Wala usidhani haya ni mambo ya London tu. Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ilikuwa ikiuzwa hapa kwetu kwa takriban shilingi 160. Kufikia mwisho wa Machi mwaka uo huo ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 135. Msafiri na mwagizaji wa bidhaa walishangilia. Lakini mtu aliyekuwa ameziweka dola akitumaini zitapanda zaidi, huyo aliutazama mlima ukiporomoka juu ya meza yake.

Yaliyompata Nick Leeson

Hakuna kisa kinachoonyesha mambo haya kuliko kile cha Nick Leeson. Alizaliwa mwaka wa 1967 huko Watford, Uingereza, akiwa mtoto wa fundi wa kupiga lipu. Aliingia kazi ya benki akiwa karani kijana, na mwaka wa 1989 akaajiriwa na Barings, benki kongwe iliyoanzishwa mwaka wa 1762. Mwaka wa 1992 alitumwa Singapore kuisimamia biashara ya mikataba ya bei za siku za mbele. Alikuwa na miaka 25. Tena alipewa vyeo viwili kwa mpigo: aliwaongoza wanaofanya biashara, na pia wale wanaoandika na kuzikagua hesabu za biashara hiyo hiyo. Ni kama kumpa mtu mmoja ufunguo wa ghala na daftari la ghala.

Mwanzo wa maangamizi ulikuwa mdogo. Msaidizi mmoja mgeni kazini aliuza mikataba 20 aliyotakiwa kuinunua, na hasara ikafika kama pauni 20,000. Badala ya kulitangaza kosa hilo, Leeson alilificha katika akaunti yenye nambari 88888. Kisha akaongeza makosa mengine humo, na akazidi kubahatisha ili ayafute. Kufikia mwisho wa 1992 akaunti hiyo ilikuwa na hasara ya takriban pauni milioni 2. Mwisho wa 1993 ilikuwa milioni 23, na mwisho wa 1994 ikafika milioni 208. Wakati huo wote wakubwa wake wa London walimwona kuwa shujaa, wakampa marupurupu na sifa. Tarehe 17 Januari 1995 tetemeko la ardhi liliupiga mji wa Kobe, Japani, na soko la hisa la nchi hiyo likaanguka. Leeson alikuwa ameweka matumaini yake yote kwenye soko hilo. Mwishoni mwa Februari, Barings ilikuwa imefilisika kwa hasara ya pauni milioni 827, na ikauzwa kwa pauni moja.

Turudi kwenye afya. Leeson mwenyewe ameeleza baadaye jinsi alivyoishi miaka hiyo: usingizi ulimpotea, alikuwa akitapika kwa hofu, na hakuwa na mtu wa kumwambia ukweli. Tazama, ndugu msomaji, kwamba hasara ya kwanza haikuwa kubwa. Benki ingeweza kuilipa na kuisahau siku ile ile. Kilichomzuia kusema ni cheo. Angewezaje bwana mkubwa, kijana aliyeaminiwa kuliko wazee, kukiri kwamba idara yake imekosea? Kila mwezi aliongopa ili abaki juu, na kila mwezi mwili ulilipa. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua, na hasara nayo ni maradhi.

Leeson alihukumiwa miaka sita na nusu gerezani Singapore. Mwaka wa 1998, akiwa bado kifungoni, aligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mpana. Alitibiwa, akaachiliwa mwaka wa 1999, kisha akasomea elimu ya nafsi na kushiriki kuandika kitabu juu ya kukabiliana na mkazo wa mawazo. Hapa tuwe waangalifu. Wengine husema mawazo ndiyo yaliyomletea saratani, lakini hakuna ushahidi wa kulithibitisha hilo. Lililo wazi ni kwamba mtu mwenye shughuli nyingi hupuuza dalili. Ukiona damu kwenye choo, au namna yako ya kwenda haja imebadilika kwa majuma kadhaa, usiseme ni kazi tu. Nenda hospitali.

Mwaafrika mwenzetu, Kweku Adoboli, mzaliwa wa Ghana, alipitia njia inayofanana na hiyo. Alipanda upesi katika benki ya UBS jijini London, na mwaka wa 2011 akakamatwa akiwa na miaka 31 baada ya benki hiyo kupata hasara ya dola bilioni 2.3. Alifungwa mwaka wa 2012, na mwaka wa 2018 akarudishwa Ghana. Yeye pia alificha kwanza, na barua ya kukiri ikaja wakati maji yameshazidi unga.

Je, cheo chenyewe ni ugonjwa?

Huenda umeanza kuwaza kwamba heri mtu abaki tarishi kuliko kuwa mkubwa. La, hasha. Utafiti maarufu ulioanza mwaka wa 1967 uliwafuata watumishi wa serikali zaidi ya 17,000 jijini London, wote wanaume. Wengi walitarajia kwamba wakubwa ndio wangekufa zaidi kwa moyo kutokana na majukumu. Mambo yakawa kinyume: wale wa vyeo vya chini kabisa walikufa kwa ugonjwa wa moyo karibu mara tatu kuliko wale wa juu kabisa. Utafiti wa pili, ulioanza mwaka wa 1985 na kuwahusisha wanawake pia, ulionyesha mojawapo ya sababu. Mtu asiye na uwezo wa kuamua afanye kazi yake lini na vipi, huyo huumia zaidi.

Hapo ndipo penye fundo la makala haya. Mkubwa katika ofisi ya serikali akipata cheo, hupata pia usukani: yeye ndiye apangaye siku yake. Lakini mkubwa katika chumba cha biashara ya fedha anapata cheo huku usukani ukibaki mikononi mwa soko. Soko halimjui. Halijali kwamba jana alikuwa shujaa, wala kwamba mkewe amejifungua leo. Kijana anaweza kuwa na watu 40 chini yake, lakini bei ya dola haimtii. Basi akitaka kuyafaidi mazuri ya cheo, hana budi kuutafuta usukani katika yale machache anayoweza kuyatawala, yaani saa za kazi, usingizi, kikomo cha hasara, na ulimi wake.

Saa za kazi huua

Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kwa pamoja kwamba mtu anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupatwa na kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo iliyo juu kwa asilimia 17, kuliko afanyaye saa 35 hadi 40. Hesabu saa zako. Ukiingia saa moja asubuhi na kutoka saa moja usiku, siku tano, tayari ni saa 60. Na hapo hatujahesabu ile simu ya saa sita za usiku.

Kukosa usingizi nako ni ulevi wa aina yake. Imeonekana kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa na wepesi wa akili kama aliyekunywa pombe kufikia kiasi ambacho nchi nyingi haziruhusu dereva kuwa nacho. Hakuna benki ambayo ingemruhusu mkuu wake aingie kazini akinuka pombe, lakini yule aliyelala saa tatu hupigiwa makofi kwa bidii yake.

Mchunguzi Alexandra Michel, aliyewafuata kwa miaka mingi vijana wa benki mbili kubwa za Marekani zinazoshughulikia uwekezaji, aliona jambo la kutisha. Hawa hawakuwa wafanyabiashara wa soko hasa, lakini saa zao zilikuwa ndefu vilevile. Miaka mitatu ya kwanza waliuendesha mwili kama punda wa kukodi, na mwili ukatii. Kuanzia mwaka wa nne hivi ndipo yalipoanza kukosa usingizi, maumivu, uraibu na ulaji wa ovyo. Zingatia wakati huo. Mwaka wa nne au wa tano ndio kijana mwepesi anapopewa cheo. Cheo na bili ya mwili hufika mlangoni siku moja.

Dalili za kuangalia

Jiulize maswali haya, na ujijibu kwa ukweli:

* Je, unaamka saa tisa za usiku moyo ukidunda, na huwezi kulala tena mpaka uangalie bei?

* Je, unahitaji pombe ili ulale, na kahawa nyingi, miraa au vidonge ili uamke?

* Je, umeacha kula na jamaa zako, au unakula upesi mezani pako huku macho yakiwa kwenye kompyuta?

* Je, unamfokea mwenzako au watoto kwa makosa madogo, kisha unajuta?

* Je, kuna kosa au hasara kazini ambayo hujamwambia mtu yeyote?

Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote. Kama jibu ni ndiyo, liseme kesho asubuhi, kabla ya chai. Hasara iliyosemwa ina mwisho wake. Iliyofichwa hulala nawe kitandani.

Jambo jingine ni maumivu ya tumbo. Watu wengi husema vidonda vya tumbo huletwa na mawazo. Ukweli ni kwamba vingi husababishwa na kiini cha ugonjwa kinachoishi tumboni, au na dawa za kutuliza maumivu kama vile aspirini na aibuprofeni zinazomezwa kila mara. Mkazo huweza kuyazidisha maumivu, lakini tiba ipo. Usiendelee kumeza vidonge vya kichwa kila siku huku tumbo likiungua.

Ufanye nini?

Kwanza, lala. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba. Simu ya kazi ilale sebuleni. Kama kuna biashara inayokulazimu uamke usiku kuitazama, hiyo ni kubwa mno kwako. Ipunguze mpaka uweze kulala.

Pili, weka kikomo cha hasara mapema, soko likiwa limetulia na wewe umekula. Kiandike, umpe mtu mwingine akisimamie. Uamuzi uliofanywa na mtu mtulivu asubuhi ni bora kuliko ule wa mtu mwenye jasho viganjani saa kumi alasiri.

Tatu, chukua likizo. Sheria ya ajira ya Kenya ya mwaka wa 2007 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 za kazi kila mwaka, kwa malipo kamili. Benki nyingi kubwa za ng'ambo huwalazimisha wafanyabiashara wao wakae nje ya ofisi siku kumi za kazi mfululizo. Shabaha yao ni udanganyifu ufichuke, maana anayeficha hawezi kuiacha meza yake. Jérôme Kerviel, Mfaransa aliyeiingiza benki ya Société Générale katika hasara ya yuro bilioni 4.9 iliyojulikana Januari 2008, alikuwa amepumzika siku nne tu mwaka uliotangulia. Lakini kanuni hiyo hiyo ni dawa kwa aliye mwaminifu: siku kumi huupa mwili nafasi ya kuishusha kotisoli.

Nne, pimwa shinikizo la damu angalau mara moja kwa mwaka, hata kama una miaka 26 na unacheza mpira. Shinikizo kubwa huwa halina dalili. Likionekana kuwa 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, mwone daktari. Pima na sukari pia.

Tano, sikiliza moyo wako, na hapa tunamaanisha moyo wa nyama. Mwaka wa 2016 Coates na wenzake waliwaomba wafanyabiashara 18 wa London wahesabu mapigo ya mioyo yao bila kujishika popote. Walioweza kuhesabu kwa usahihi zaidi walipata faida kubwa zaidi na walikuwa wamedumu kazini miaka mingi zaidi. Hao pia walikuwa wachache, lakini inaelekea kwamba mwenye kuusikia mwili wake hapungukiwi na kitu katika kazi hii. Nenda matembezi ya nusu saa bila simu, nawe utausikia.

Sita, kama mawazo yamekuwa mazito hadi unafikiria kujidhuru, mwambie mtu leo: daktari, mshauri, mke, kaka au kasisi. Usiogope sheria. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka katiba. Anayehitaji msaada ni mgonjwa, naye ana haki ya kutibiwa.

Kwa wakubwa na wazazi

Nanyi wakuu wa benki, mnapompa kijana cheo, mpeni pia mzee wa kumwendea. Asiyewahi kupata hasara bado hajafunzwa. Na yule wa kwanza kukiri kosa asiaibishwe mbele ya wenzake, la sivyo wengine wote watajifunza kuficha.

Nanyi wazazi, chinjeni mbuzi, maana furaha ni haki yenu. Lakini wageni wakishaondoka, mketishe kijana wako karibu na meko na umuulize maswali mawili: Analala saa ngapi? Na akikosea kazini, humwambia nani? Akijibu yote mawili bila kusita, basi mshukuru Mungu. Akiinama na kuishika simu yake, usimwache aondoke usiku huo. Mwambie kwamba cheo kikivunjika boma bado ni lake, na kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.